Nilimwitikia "Juu" Huku Waya Umefungwa

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Hakuna aliyenisukuma, sikuwa nimelewa, wala sikuamriwa na bwana yeyote. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekaa kwenye kiti cha dereva, mkono mmoja juu ya usukani, nikasema neno moja la uongo. Neno lenyewe fupi, hata mtoto mdogo hulitamka bila kuvuta pumzi. Mwenzangu amelemaa mkono wa kulia kwa neno hilo.

Nimechoka, jamani! Nimechoka kuamka nalo na kulala nalo. Nitalieleza jambo hili kwa utaratibu, tangu mwanzo, nisijipendelee.

Mpaka juzijuzi nilikuwa dereva wa shamba moja la mkonge upande wa Ngombezi, karibu na Korogwe. Jina la shamba silitaji. Kwetu ni Handeni, upande wa Kwedizinga, na mimi ni Mzigua. Mwenzangu ni Mnyamwezi. Alikuja na manamba, akamaliza mkataba wake, akaoa, akabaki. Kazi yake ilikuwa kulisha majani kwenye korona, ile mashine ya kiwandani inayokwaruza mkonge mpaka zibaki nyuzi. Hapa nitamwita Mihayo. Jina si lake, lakini watu wa laini za shambani, zile nyumba za wafanyakazi, watamjua mara moja, na mimi watanijua. Ndivyo ninavyotaka.

Gari nililopewa lilikuwa pikapu kuukuu, la tangu kabla ya vita. Nyuma lilifungwa mbao na seremala wa shambani. Stata yake ilikufa zamani, kwa hiyo kuliwasha ilikuwa kwa hendeli tu, kile chuma unachokichomeka mbele na kukizungusha kwa nguvu za bega.

Wasiojua magari ya zamani wanisikilize kidogo. Magari ya siku hizi hujipangia yenyewe wakati wa moto. Pikapu lile halikuwa hivyo. Chini ya usukani kulikuwa na kijiti cha chuma. Ukikisukuma juu, cheche ya plagi inachelewa, inangoja pistoni ipande mpaka mwisho. Ukikivuta chini, cheche inawahi, na injini ikiwa mbioni inapata nguvu. Wakati wa kuwasha, kijiti juu. Wakati wa kwenda, kijiti chini. Ukiwasha huku moto unawahi, petroli inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, injini inarudi kinyumenyume, na hendeli inarudi pamoja nayo. Anayeipokea ni yule aliyeishika.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu. Mshika hendeli hazungushi mpaka aulize kwa sauti, "Juu?" Dereva anakitazama kijiti, anakigusa kwa kidole, ndipo anaitikia, "Juu!" Tulifanya hivyo sote, bila kuandikiwa na mtu. Mtu aliyeinama mbele ya gari haoni chini ya usukani. Anaona radieta tu. Sauti ya dereva ndiyo macho yake.

Basi. Kabla ya masika ya mwaka huu pikapu lilianza kunisumbua. Kwenye tambarare linakwenda, likifika kilimani linapumua kama mgonjwa wa kifua. Linapiga mibweko kwenye ekzosi, maji yanachemka, magunia yanakuwa mazito kuliko yalivyo.

Nilitafuta ugonjwa hatua kwa hatua. Nilitoa plagi nikazisugua. Nilifungua distribyuta, kile kichwa kinachogawa moto, nikasafisha pointi zake na kupima nafasi yake upya. Nilizibua kabureta. Nilichuja petroli kwa kitambaa. Bado! Mwisho nikafungua boneti, nikawa nakisogeza kijiti cha usukani huku nachungulia ndani. Distribyuta haikufuata. Kiungo cha fimbo inayotoka kwenye kijiti kilikuwa kimelika, tundu lake la duara limekuwa kama yai. Injini ikitikisika, distribyuta ilikuwa inarudi yenyewe kwenye moto wa kuchelewa. Kijiti kilikuwa pambo tu.

Nilifurahi siku ile. Ugonjwa nimeuona! Dawa yake nilikuwa naijua pia: kiungo kipya. Pale Korogwe yupo fundi Singasinga ambaye angekichonga bila taabu.

Lakini kwenda kwa fundi ni lazima upite karakana ya shamba, useme gari lina kasoro, liandikwe, lisimame. Na siku zile bwana msaidizi, Mzungu aliyekuwa akisimamia magari, alikuwa ametutangazia kwamba lori jipya likija kutoka Tanga atapewa dereva asiyesumbua karakana. Nililitaka lile lori. Nililiota! Kila aliponiuliza habari za pikapu nilikuwa najibu, "Zima, bwana."

Kwa hiyo nikachukua kipande cha waya, ule wa kufungia robota za katani, nikaifunga distribyuta pale moto unapowahi. Lo! Siku ile pikapu lilipanda kilima likiimba.

Wakati wa kuwasha nilikuwa nafungua boneti, nalegeza waya, nazungusha hendeli mwenyewe, halafu nafunga tena. Nilifanya hivyo kila safari, na kila safari nilijiambia kwamba wiki ijayo nitakwenda kwa Singasinga. Wapakizi waliniona nikiinama chini ya boneti, wakadhani natazama mafuta. Sikumwambia mtu. Hata Mihayo, ambaye nilikuwa namwambia kila kitu.

Sasa nieleze habari za Mihayo. Sisi ni watani, Mzigua na Mnyamwezi, nanyi mnajua utani ulivyo. Mtani hakasirikiwi, hashtakiwi, unaingia jikoni kwake unakula nyama iliyomo. Asubuhi tukikutana kiwandani, watu walikuwa wanaacha kazi wasikilize.

"Mzigua! Umekula leo, au tukupeleke pwani ukajiuze kwa pishi ya mtama kama babu yako?"

"Nyamaza, mpagazi. Kichwa chako bado ni bapa kwa pembe za ndovu alizobeba babu yako."

"Ndiyo, alibeba. Na alipopita kwenu aliwakuta mmejificha kwenye miiba, mnaogopa vivuli vyenu."

Tulikuwa tunatukanana hivyo mpaka machozi yanatoka. Lakini mke wangu alipofiwa na mama yake, Mihayo ndiye aliyechimba kaburi, akaiba jogoo wetu kama ilivyo haki ya mtani, akamla mbele yetu, akatuchekesha wakati hatukuwa na hata chembe ya kicheko. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia haya.

Siku yenyewe tulitumwa Kwedizinga kununua mahindi ya posho. Kiwanda kilikuwa kimesimama kwa matengenezo, ndiyo maana nyapara alimtoa Mihayo kwenye korona akampa kazi ya kupakia. Alikuwa kwenye kazi ya shamba, mlishike hilo.

Kwedizinga ni nyumbani. Tulipofika, habari zilitangulia kwamba mtoto wao amekuja na gari. Mjomba wangu alikuja na fimbo yake, kanzu imefuliwa. Hakuwahi kuniona nikiendesha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika na majirani, akalizunguka pikapu huku analipapasa kama ng'ombe wa mahari.

"Huyu ni mpwa wangu," alikuwa anawaambia watu. "Anaongoza chombo cha Wazungu."

Tukapakia. Jua lilikuwa la mchana, watu wamekusanyika. Nikapanda nikakaa kwenye usukani, mjomba yupo dirishani kwangu ananiaga. Nilikuwa sijashuka kulegeza waya. Nilikumbuka. Wallahi nilikumbuka! Lakini kushuka mbele ya mjomba, kufungua boneti na kuchafua mikono, watu waseme gari la mpwa wake ni bovu, nikaona haya.

Mihayo akapita mbele, akaichukua hendeli.

"Kaa hapohapo, bwana mkubwa," akasema kwa sauti kubwa. "Leo upo kwa wajomba zako, usijipake masizi. Mpagazi wako yupo."

Watu wakacheka. Mjomba akacheka zaidi ya wote. Mihayo akaichomeka hendeli, akainama. Nikaona mgongo wake tu.

"Juu?" akauliza.

Nikakitazama kijiti. Kijiti chenyewe kilikuwa juu. Nilijiambia kwamba sidanganyi, maana nilichoulizwa ni kijiti. Nilijiambia tena kwamba injini bado ina joto, itawaka tu. Haya yote yalipita kichwani upesi sana. Kisha nikakigusa kwa kidole, kama desturi.

"Juu!" nikaitikia.

Akazungusha. Injini ikalipuka mara moja, ikarudi nyuma. Nilisikia mvunjiko kama wa ufito mbichi unapovunjiwa gotini. Hendeli ikaruka ikaanguka vumbini.

Mihayo alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Hata hapo, jamani, hata hapo aliniangalia akasema, "Mtani, ng'ombe wako amenipiga teke."

Watu wakaangua kicheko. Hawakujua. Walidhani ni maneno yetu.

Na mimi, badala ya kuruka chini, nikajibu kama nilivyozoea kumjibu siku zote. "Umeishika hendeli kama unakoroga uji! Kidole gumba umekiweka wapi?"

Madereva wanajua maana yake. Anayejua kuwasha hakizungushi kidole gumba kwenye hendeli, hukilaza upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi imponyoke. Mihayo alijua. Alikuwa ameshika sawasawa, niliona baadaye kwa jinsi kiganja kilivyokuwa kimechunika. Hendeli ilirudi kwa kasi ikamgonga mkono wenyewe, juu kidogo ya kifundo cha kiganja. Lakini neno langu lilikuwa limekwisha toka, na watu wa Kwedizinga wakalichukua.

Niliposhuka nikaona mfupa ulivyoinuka chini ya ngozi, kicheko kikanikauka mdomoni. Mama mmoja akachana khanga yake. Tukafunga mkono kwa vijiti, tukamkalisha Mihayo kivulini.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Wote wakiwa wamemzunguka yeye, mimi nilifungua boneti, nikaukata ule waya, nikautia mfukoni. Kisha nikaichukua hendeli nikazungusha mwenyewe. Injini ikawaka kwa mzunguko mmoja, laini kabisa.

"Si mnaona!" mjomba akasema. "Gari zima. Kosa ni la mshikaji."

Mihayo aliinua kichwa pale kivulini akaniangalia.

Njia ya kurudi Korogwe siwezi kuisahau. Bila waya, pikapu lilirudia ugonjwa wake. Kila kilima tulipanda kama tunasukuma kwa kifua. Kila shimo Mihayo alikuwa anauma meno. Mwanzoni alinitania, akasema nikimfikisha akiwa maiti nitalazimika kumwibia kuku mke wake. Baadaye utani ukamwisha. Akabaki ameegemea mlango, anatoka jasho. Kama ningekuwa nimetengeneza kile kiungo tangu mwanzo, asingevunjika. Na hata baada ya kuvunjika, angefika mapema. Nilimuumiza kwa gari lenye nguvu, nikamtesa kwa gari lisilo na nguvu.

Hospitalini dresa, yule mfunga vidonda, alimpokea, Mihayo akaambiwa asubiri daktari wa kumnyoosha na kumfunga plasta. Nikasema nakwenda kutazama gari. Nilikwenda kwa Singasinga.

"Kiungo kimekwisha hiki, dereva," akaniambia. "Hujaona siku zote?"

"Nimekiona leo."

Akachonga kipya hapohapo, wala hakuchelewa. Kile kiungo nilichosema sina nafasi ya kukipeleka muda wote ule, kilitengenezwa Mihayo akiwa bado kwenye benchi la hospitali. Hadi leo nikikumbuka hilo natamani kujipiga.

Tulipoitwa ofisini, bwana msaidizi alikuwa mezani, karani pembeni yake, nyapara amesimama mlangoni. Fundi wa karakana alikuwa amekwisha lijaribu pikapu. Kijiti kinafanya kazi, distribyuta inafuata, moto uko sawa.

Kanuni ya shamba lile ilikuwa hivi. Mtu akiumia kazini kwa kasoro ya chombo, anabaki laini na mke na watoto wake, anapewa kazi ya kukaa mpaka apone. Akiumia kwa mchezo, anaondoka. Mihayo alilijua hilo. Mimi nililijua. Chumba chake, posho ya watoto wake mapacha, kazi yake, vyote vilikuwa juu ya meza ile.

"Ulikuwa unacheza?" bwana msaidizi akamuuliza.

"Hapana, bwana. Niliuliza, nikajibiwa, nikazungusha."

"Dereva anasema watu walikuwa wanacheka."

Mihayo akanielekezea kidevu, maana mkono ulikuwa kwenye plasta. "Bwana, muulize mtani wangu. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Mimi naye hutukanana kwa mzaha, lakini hapa si mahali pa mzaha. Atakavyosema yeye, ndivyo ilivyokuwa."

Bwana akanigeukia. "Gari lilikuwa na kasoro?"

"Hapana, bwana."

"Basi ilikuwaje?"

"Alikuwa anafanya mzaha mbele ya watu, bwana. Aliishika vibaya."

Mihayo alitabasamu. Alidhani namtania! Alingoja nimalizie, nicheke, niseme ukweli kama tunavyofanya siku zote baada ya tusi. Nikatazama sakafu. Kalamu ya karani ikaanza kukwaruza. Nilipoinua macho, lile tabasamu bado lilikuwa usoni mwake, limesahauliwa hapo, halafu likaondoka polepole.

Mihayo na watu wake waliondolewa laini wiki ileile. Mama Kulwa, mke wake, alipita mlangoni kwangu na masufuria kichwani, mapacha nyuma yake. "Shemeji, tunakwenda Magoma," akasema. "Kuna mtu wa kwao mume wangu ametupa kipande cha shamba." Hakuniuliza lolote. Nadhani mumewe hakumwambia.

Lori jipya lilikuja, nikapewa mimi. Lina kitufe. Unabonyeza kwa kidole, linawaka. Kila asubuhi nilikuwa nabonyeza kitufe kile, na furaha niliyoiota sikuiona hata siku moja. Nilikuwa naendesha kama mtu anayetumikia kifungo. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Na laini zikaanza kucheka. Mtu akidondosha kitu, wanamwambia, "Umeshika kimihayo." Watoto wakatunga wimbo wa Mnyamwezi na hendeli. Ni neno langu lile la Kwedizinga, limesafiri mpaka Ngombezi likapata miguu.

Mwisho nikashindwa. Nilikwenda ofisini nikamwambia bwana msaidizi yote, waya na kiungo na Singasinga. Nilidhani nikimaliza ataniambia nenda kamlete. Alinisikiliza, akawasha kiko chake, akasema kazi ya korona imekwisha pata mtu na chumba kimekwisha pata watu, na mkono uliopona vibaya hauwezi kulisha mashine. Halafu akanyoosha kiganja nimpe ufunguo wa lori. Nikampa. Hilo halikuniuma.

Nikaenda Magoma, mikono mitupu.

Nilimkuta nje ya nyumba yake na mzee mmoja jirani. Nikaanza kwa tusi letu, kwa sauti, kama zamani. "Mpagazi! Hodi hapa!"

Mihayo akasimama. "Karibu, bwana dereva. Habari za safari?"

Nikamwamkia mzee shikamoo. Mzee akaitikia, akamgeukia Mihayo. "Huyu ni nani wako?"

"Ni mgeni," Mihayo akasema. "Tulifanya kazi shamba moja."

Alinipa kiti pekee kilichokuwapo, yeye akakaa kwenye gogo. Akaniletea maji kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umepinda, na vidole havifungi. Kule shambani Mama Kulwa alikuwa analima peke yake. Mzee alipoondoka nikasema yote. Sikuacha kitu.

"Najua," akasema. "Nilijua pale gari lilipokuwakia wewe kwa mzunguko mmoja."

"Mbona hukusema ofisini?"

"Nilisema. Nilisema wakuulize wewe."

Nikamwomba msamaha, nikaanza na kulia, jambo ambalo halikumsaidia.

"Acha, bwana dereva. Msamaha nitautazama siku nyingine. Mkono huu haurudi, na chumba kimekwenda. Lakini kule laini wananiimba. Watoto wangu wakienda kwa shangazi yao Ngombezi wanarudi wanalia. Hilo ulilianza wewe kwa mdomo. Kaliondoe."

Nikaenda. Siku ya kugawa posho, laini zote zimejaa, nilipanda juu ya kreti nikasema kwamba Mihayo hakukosea, mimi ndiye niliyemwitikia uongo, waya nilifunga mimi.

Wakacheka!

"Tazameni Mzigua anavyomtetea mpagazi wake!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akasema, "Amemkosa wa kumtukana, sasa anajitukana mwenyewe!" Nikaapa. Wakacheka zaidi. Kwa miaka yote walikuwa wametusikia mimi na Mihayo tukisema lolote, na hawakuona sababu ya kuniamini siku ile. Hakuna mtu pale aliyewahi kunisikia nikisema jambo la kweli juu ya Mihayo mbele za watu.

Ndiyo sababu naandika hapa. Gazeti halitanii.

Madereva wenzangu mlio na magari ya hendeli, kiungo kikilegea kipeleke kwa fundi leo, hata kama kuna lori jipya mbele yako. Usimwachie mtu hendeli ya gari ambalo hujaliwasha mwenyewe kwanza. Akiuliza, mjibu kile anachokiuliza hasa, si kile kitakachokuacha umekaa kitini. Na wewe mwenye mtani, ukiulizwa juu yake mbele ya meza ya mtu mwingine, utani uache mlangoni. Mimi sikuuacha, na sasa sina mtani. Nina mtu wa Magoma anayenikaribisha kwa adabu.

Sasa ninasema na ninyi wa laini, mnaosomewa gazeti hili Jumapili. Anayesoma asome polepole, na asitie sauti ya kuchekesha. Mihayo aliuliza kwanza. Alingoja ajibiwe. Aliishika hendeli sawasawa, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine. Waambieni watoto waache ule wimbo.